Mtoto ameungua uji kituoni, mwenye kituo anataka nisaini "tumeelewana". Naomba ushauri

Habari wakuu. Mwanangu wa kike, miaka miwili na nusu, ameungua kifua na mkono wa kulia akiwa kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar. Sufuria la uji liliepuliwa likawekwa sakafuni, mlangoni kabisa, dada wa kituo akaenda kufuata vikombe. Nilipofika nilikuta wamempaka dawa ya meno. Nesi aliitoa kidogo kidogo kwa maji, ngozi ikawa inatoka nayo.

PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) tunayo, picha za majeraha ninazo, risiti nazitunza. Mwenye kituo analipia dawa, ila sasa kaleta karatasi nisaini kwamba sitadai chochote tena. Baba wa mtoto anasema tusaini yaishe. Mimi moyo unakataa, maana daktari katuambia kovu likianza kuvuta mkono huenda akahitaji upasuaji, na mtoto bado anakua.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na pale sijawahi kuona cheti. Na bado kuna watoto wa wenzetu wanapelekwa kila asubuhi! Je, nianze na afisa ustawi wa jamii, au niende dawati la jinsia na watoto polisi? Madai ya fidia yanaweza kwenda sambamba na kesi ya jinai? Nikisaini, mtoto anapoteza haki yake?

Mwenye uzoefu, au anayejua wanaotoa msaada wa kisheria bure, naombeni mnielekeze. Karatasi anaitaka wiki hii.