Fielder inapiga kelele kali asubuhi ikiwashwa: ni mkanda, alternata au pampu ya maji?

Kiamunyi_NZE
Wadau, naomba mwelekeo kabla sijatoa pesa. Gari ni Toyota Fielder ya 2010, injini 1NZ-FE, gia za otomatiki, liko hapa Nakuru. Asubuhi kukiwa na baridi nikiwasha, inalia wiiiii kwa kama nusu dakika halafu inanyamaza. Mvua ikinyesha au nikipita kwenye dimbwi, inarudi. Nikiegesha na kukata usukani hadi mwisho, inalia tena, na taa kubwa pamoja na AC zikiwa zinafanya kazi ndiyo inazidi. Taa ya betri haiwaki na injini haipandi joto. Fundi mmoja anasema ni pampu ya steringi, mwingine anataka tubadilishe alternata, ile inayochaji betri, moja kwa moja. Nianzie wapi?

Spana12
Pampu ya steringi itoe kwenye hesabu. Fielder hiyo ina steringi ya umeme, haina pampu wala mafuta ya steringi. Ukikata usukani gari limesimama, mota ya steringi inavuta umeme mwingi kwa ghafla, alternata inakuwa nzito kuzungusha, na mkanda usioshika vizuri unateleza juu ya puli. Hapo ndipo kelele inatoka.

Hebu tazama ulivyoorodhesha mwenyewe: taa, AC, usukani, kuwasha asubuhi. Karibu vyote vinaongeza mzigo kwa alternata. Ukishawasha, betri iliyotumika kuzungusha stata inadai chaji yake irudishwe, kwa hivyo nusu dakika ya kwanza ndiyo nzito zaidi. Baridi ya Nakuru nayo inaifanya raba kuwa ngumu, na maji ya dimbwi yanapunguza kushika. Kila kitu kinaelekeza kwenye mkanda kuteleza. Kwa nini unateleza ni swali lingine, na hilo ndilo usiruhusu mtu alirukie.

Mzee_wa_Probox
Chukua sabuni ya kipande, paka kwenye mkanda injini ikizunguka. Kelele inaisha hapo hapo.

Fundi_Kondele
Mzee, kwa heshima, hapana. Sabuni, mshumaa, hata ile dawa ya kupuliza ya mkanda, zote zinaficha sauti kwa muda tu. Dawa inabaki ikinata, vumbi linaingia, na mchanganyiko huo unakula matuta ya mkanda na mifereji ya puli kama msasa. Isitoshe, unakuwa umeharibu vipimo vyote vinavyofuata. Na kushika sabuni karibu na mkanda unaozunguka ni njia ya haraka ya kupoteza kidole.

Kiamunyi, fuata mpangilio huu. Kwanza usalama: kunja mikono ya shati, vua kamba ya kitambulisho shingoni, na kaa mbali na feni ya rejeta kwa sababu ni ya umeme, inaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Asubuhi injini ikiwa baridi, washa. Kelele ikianza, nyunyizia maji safi kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye upande wa mkanda wenye matuta. Kidogo, usimwage. Kelele ikipanda, mkanda unateleza: ama umelegea, ama umeisha, ama una mafuta. Kelele ikikatika sekunde chache kisha ikarudi vilevile, puli haziko kwenye mstari mmoja. Hiyo kwa kawaida ni sauti ya chi-chi-chi inayosikika zaidi injini ikizunguka polepole. Maji yasipobadilisha chochote, achana na mkanda, tafuta beringi.

Kwa beringi, chukua bisibisi ndefu, ncha yake uiweke kwenye mwili wa alternata (usiguse kinachozunguka) na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Rudia kwenye pampu ya maji na kompresa ya AC. Beringi iliyokufa inasaga, na utaisikia kali mahali pamoja tu. AC ina siri yake: sauti ikitokea AC ikiwa imezimwa na kupotea ukiiwasha, shuku beringi ya puli ya kompresa, kwa sababu klachi ikishashika, puli na shafti vinazunguka pamoja na beringi hiyo inapumzika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kutoa mkanda kabisa. Piga picha jinsi unavyopita kwenye puli, zima, toa mkanda, kisha washa kwa muda usiozidi dakika moja. Usizidishe, maana pampu ya maji haizunguki, na taa ya betri itawaka, hiyo ni kawaida. Ikiwa kimya, tatizo liko kwenye mkanda au kimojawapo kati ya vitu unavyozungusha. Kelele ikibaki, iko kwingine: mpira wa hewa uliopasuka, gasketi ya manifodi, au ndani ya injini. Mkanda ukiwa bado nje, zungusha kila puli kwa mkono na kuitikisa mbele na nyuma. Pampu ya maji isiwe na mchezo hata kidogo. Chungulia chini yake kwa tochi: alama ya waridi au nyeupe iliyokauka ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye kitundu cha pampu, na pampu hiyo ibadilishwe kabla ya mkanda mpya.

Lanet_Garage
Naongeza la umeme. Nunua au azima multimita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima isome karibu volti 12.6. Injini ikiwa inazunguka na taa zikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikikaa humo, alternata inachaji vizuri, mwambie huyo fundi wa pili asubiri. Betri iliyochoka pia husababisha kelele hii, kwa sababu inaidai alternata kila asubuhi.

Usidanganywe na mkanda usio na nyufa. Mikanda ya siku hizi ya EPDM (aina ya raba ya sintetiki) haipasuki kama ile ya zamani, inaisha kwa kulika. Tuta lililokuwa na umbo la V linakuwa jembamba, mfereji wa katikati unakuwa na umbo la U, mkanda unazama ndani ya puli na kupoteza mshiko, huku kwa macho unaonekana mzima.

Eldy_Scooby
Wenye Subaru zenye injini ya EJ20 wasome hapa pia. Kwenu kuna mkanda wa taimingi (wa ndani, unaoendesha valvu), wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na puli zake ziko ndani ya kava. Zikianza kulia, sauti inafanana na ya mkanda wa nje. Ukitoa mikanda ya nje na bado inalia upande wa mbele, usiendeshe. Mkanda ule ukikatika, valvu zinapinda. 1NZ ya Kiamunyi inatumia cheni badala ya mkanda huo. Ikichoka inakwaruza na kugonga karakara, haipigi mluzi.

Kericho_TSI
Na VW za 2.0 TSI: mluzi mkali unaonyamaza ukivuta geji ya oili kidogo, shuku ile valvu ya kupumulia ya PCV. Kiwambo chake cha mpira kikipasuka, injini inafyonza hewa kupita kiasi. Usibadilishe mkanda bure.

Kiamunyi_NZE
Asanteni sana. Majibu ni haya. Maji yaliongeza kelele. Mkanda ukiwa nje, kimya kabisa. Puli zote zinazunguka laini, pampu haina mchezo wala alama. Betri 12.5, injini ikizunguka 14.1 na taa zikiwaka. Ila mkanda unang'aa kama plastiki na ukingo wake mmoja, ule wa upande wa injini, una mafuta meusi. Namba yake imefutika.

Fundi_Kondele
Basi umepata. Alternata yako nzima, iache ilipo. Mafuta ndiyo yanaulainisha mkanda, unateleza, unapata joto na kung'aa. Ukiweka mkanda mpya leo bila kuziba yanakotoka, utarudi hapa na kelele ileile.

Osha upande huo wa injini kwa dawa ya kuondoa grisi, huku alternata ikiwa imefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Usikubali maji ya presha pale. Kausha, zungusha injini hadi ipate joto, kisha tafuta kwa tochi. Sehemu yenye unyevu iliyo juu kuliko zote ndiyo chanzo, kwa sababu oili inashuka na mkanda unairusha kila upande. Anza na gasketi ya kava ya valvu, ndiyo rahisi na ndiyo mara nyingi. Ukiibadilisha, weka tone la silikoni ya gasketi mahali pale pawili ambapo kava ya cheni inakutana na kichwa cha injini. Mafundi wengi hupasahau, na panavuja tena. Bolti za kava ni ndogo, takriban niutoni-mita (Nm) 10 za kukaza. Ukizibana kwa nguvu, kava inapinda. Ikiwa unyevu unaanzia nyuma ya puli ya krenki (ile ya chini inayouzungusha mkanda), hiyo ni sili ya mbele ya kuzuia oili, na puli lazima itoke.

Spana12
Kwa mkanda, usikisie. Nenda na namba ya chesisi dukani, na ubebe wa zamani ulinganishe. Kwenye mkanda, kwa mfano 5PK1100, 5 ya mwanzo ni idadi ya matuta na 1100 ya mwisho ni urefu kwa milimita.

Puli zote zifute kwa breki klina na brashi ya nailoni hadi mifereji iwe mikavu, usitumie petroli. Kwenye 1NZ alternata yenyewe ndiyo inakaza mkanda, hakuna kikazio cha springi. Legeza bolti zake mbili, kwa kawaida spana 12 na 14, sukuma alternata kwa mtaimbo mdogo ukiegemeza mahali pa chuma kinene, siyo kwenye mwili mwembamba wa alumini, halafu kaza. Pima katikati ya sehemu ndefu zaidi: ukibonyeza kwa nguvu ya kama kilo 10, ushuke takriban milimita 10, au pungufu kidogo ukiwa mpya. Usiukaze kama waya wa gitaa, utaua beringi za alternata na pampu. Zungusha injini dakika 5, zima, pima tena, kwa sababu mkanda mpya hukaa na kulegea. Alternata ikifika mwisho wa nafasi yake na mkanda bado umelegea, umeuziwa mrefu.

Kiamunyi_NZE
Nimeelewa. Swali moja tu: wikendi nilikuwa niende Kisumu kupitia Kericho. Naweza kwenda na mkanda huu, kisha nitengeneze nikirudi?

Lanet_Garage
Usiende. Mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika kwenye kilima, taa ya betri itawaka kwanza, na dakika chache baadaye injini itachemka. Ukilazimika kulitumia mjini kabla ya gasketi, zima AC, na taa ya betri ikiwaka egesha papo hapo na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto.