Fundi kanitengenezea tela la kambi: ekseli katikati, msumari kwenye beringi, na kosa anasema ni langu

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnivumilie.

Mwaka huu niliwaahidi watoto kwamba hatulali gesti. Tunatoka Dar, tunapiga hema Mikumi siku mbili, tunapanda mlima Kitonga, tunalala Iringa, kisha Ruaha. Tuko sita, na Prado ikishabeba watu sita, nyuma panabaki pa kuweka mkate na sabuni. Nikasema basi, natengeneza tela. Dogo tu, mita 2 kwa mita 1.2: mahema, magodoro, jiko, mtungi, maji, juu turubai. (Habari za namba na usajili ni uzi mwingine, leo msinitoe kwenye reli.)

Sikukurupuka. Nilichora. Ekseli (kile chuma kinachoshika tairi mbili) nilinunua mwenyewe, springi mwenyewe, tairi za inchi 13 tatu pamoja na spea. Kwenye mchoro niliandika kwa kalamu nyekundu: ekseli ikae sentimita 120 kutoka mbele, 80 kutoka nyuma. Sababu nilimweleza fundi tumechuchumaa wote wawili juu ya karatasi. Tela lazima liliegemee gari kidogo. Mzigo ukiwa kilo 400 kwa jumla, pale linaposhikana na gari pakae kama kilo 40 hadi 60. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, tela linanyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba. Fundi akaniambia, "Bosi wangu, usijali, kazi hii nimeianza sina ndevu." Akaukunja mchoro, akautia mfuko wa shati. Nadhani haujatoka humo mpaka leo.

"Kesho jioni njoo uchukue" ikawa siku 19. Hela ya ufundi, laki nne na nusu, nilishaimaliza siku ya tano, maana kila nikipita vijiti vya kuchomelea vimeisha, diski ya grainda imevunjika, kijana wake anaumwa. Hapo nakubali, ujinga ni wangu. Nikalichukua usiku wa kuamkia safari. Kijani linang'aa, limependeza hasa. Nani atatoa futi apime ekseli saa nne usiku, rangi bado inanata vidoleni na watoto wamelala na nguo za safari?

Alfajiri tukaondoka. Hadi Mlandizi, mwendo wa 60, hakuna neno. Tumepita Chalinze, njia imefunguka, nikafika 80. Basi likatupita, upepo wake ukalisukuma tela, tela likagoma kurudi mahali pake. Likaenda kulia, likaja kushoto, likaenda kulia zaidi. Mwanangu nyuma: "Baba, tela linacheza!" Nikakanyaga breki, likazidi. Mkia wa gari ukawa mwepesi kama umenyanyuliwa kwa jeki. Nikaachia breki, nikaachia mafuta, nikaushika usukani ulivyo bila kuushindanisha na tela, na mwendo uliposhuka hadi kama 40 likatulia lenyewe. Roli la mafuta likapita upande wa pili, honi mpaka likapotea. Mke wangu hakusema kitu hadi tulipoegesha, na mnaomjua mnaelewa uzito wa hilo.

Nikaenda kulifungua. Nimetoa tu kifungio, mkono wa tela ukaruka juu wenyewe, nusura unipige kidevu, na mkia ukakita chini. Pembea kabisa! Nikatoa futi. Kutoka mbele hadi ekseli, sentimita 100. Kutoka nyuma, 100. Kaiweka katikati kama anagawa andazi kwa watoto wawili.

Najua kuna wa kuniuliza mzigo niliupangaje. Madumu manne ya maji ya lita 20 yalikuwa nyuma, na kabati la jiko nyuma. Ndiyo, kwa sababu mchoro wangu ulihesabu hivyo, jiko lifunguliwe kwa nyuma! Nimehamisha madumu mbele kabisa, nikatembea 50 hadi Morogoro huku kila bodaboda ananipita.

Kabla ya kuingia mjini, harufu ya kitu kinaungua. Nikagusa habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, haishikiki kwa moto. Kijana mmoja mwenye gereji ya chini ya mti akafungua kifuniko, akanyamaza, akaniita nije kuona. Ile nati yenye meno inayobana beringi hufungwa kwa pini ili isijifungue. Yangu ilifungwa kwa msumari wa inchi 3 uliokunjwa. Msumari wa mbao, wakuu! Ndani, beringi kavu, grisi imepakwa kwa nje kama losheni. Kijana akaiosha kwa petroli, akaikausha, akaweka fundo la grisi kiganjani na kuisokomeza beringi pale mara kwa mara hadi grisi ikatokea upande wa pili kama tambi. Pande zote mbili, pini mpya mbili, elfu kumi na tano. Hana hata kibao cha gereji.

Taa sitaki hata kuzieleza. Ukiwasha indiketa ya kulia zinapumua zote na ya breki, kwa sababu waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, kaufunga juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Na pale mkono unapoungana na fremu kachomelea juu ya kutu. Kijana alipogonga kwa nyundo, ganda lote likadondoka na ufa ukaonekana chini yake.

Tela nikaliacha kwa shangazi hapo hapo Morogoro. Ruaha tukaifuta. Mikumi tulilala gesti.

Sasa kilichoniwasha kuandika. Nimempigia fundi siku nne, ya tano kapokea. Nimeeleza yote. Jibu: "Bosi, tela ni la kubebea mizigo, siyo la kukimbiza. Ungeenda taratibu lisingekuwa na shida." Na msumari? "Hiyo ilikuwa ya muda tu." Ya muda wa kutoka Dar hadi wapi?

Sitaki anirudishie zote. Nataka hela ya kuhamisha ekseli na kuchomelea mkono upya, na nimemwambia hivyo kwa ujumbe. Kasoma, kimya. Risiti yangu ni ukurasa wa daftari umeandikwa "tela 1, imelipwa", hauna sahihi. Kuna aliyewahi kumfikisha fundi kwa mtendaji wa mtaa akiwa na karatasi ya namna hiyo? Alifika wapi?

Na mwenye fundi Morogoro anayekubali kukaa na mchoro wazi mezani wakati anachomelea, aniambie. Ijumaa nakwenda huko. Shangazi anasema niwahi, kuku wameanza kutaga ndani.