Dawa za Siddha kwa wanaoishi na VVU: zipimwe au zikatazwe?

Wadau, kila tukigusa tiba asili na VVU tunagawanyika: hawa wanasema utapeli mtupu, wale wanasema wakubwa wa dunia wanazionea wivu dawa za mababu. Naomba leo tuangalie Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako suala hili liliingia hadi wodini, tena hospitali ya serikali.

Siddha ni tiba ya kale ya Watamil, yenye vyuo vyake na matabibu waliosomea. VVU viligunduliwa India kwa mara ya kwanza mwaka 1986, huko huko Tamil Nadu, katika mji wake mkuu, Chennai, na wagonjwa wengi waliishia hospitali ya magonjwa ya kifua ya Tambaram. ARV za bure zilianza kutolewa India Aprili 2004. Kabla ya hapo, madaktari wa Tambaram waliwapa wagonjwa dawa tatu za Siddha: rasagandhi mezhugu, amukkara chooranam na nellikkai lehyam. Wakaripoti kwamba wagonjwa walipata hamu ya kula na uzito ukapanda.

Siwalaumu hata kidogo. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ilipotangaza mseto wa ARV kwa dola 350 kwa mwaka, dunia ilishangilia, lakini kibarua wa Chennai angezitoa wapi? Daktari alitoa alichokuwa nacho.

Shida yangu ni ushahidi. Ile ni hospitali ya kifua. Mtu mwenye TB akianza dawa za TB na kula mlo wa wodini kila siku, atanenepa hata asipoonja hiyo lehyam ya Siddha. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua kilo zile zimeletwa na nini.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa "asili haina madhara" hulikwepa. Rasagandhi mezhugu si majani matupu: ndani yake mna zebaki na salfa. Matabibu wa Siddha husema zebaki husafishwa kwanza kwa taratibu zao. Sawa, lakini figo hazijui taratibu, na tenofovir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD wanachomeza wengi leo, nayo inaweza kuumiza figo. Siddha ina dawa zenye madini ya chuma pia. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge hicho hicho, ikikutana tumboni na chuma huku mtu hajala, kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua.

Kwa hiyo msimamo wangu: zipimwe, lakini mgonjwa asiache ARV hata siku moja. Swali la "inaponya UKIMWI?" tuliweke kando. Tuulize kama inamsaidia anayemeza ARV kula, kulala, kupata nguvu, na inafanya nini kwa figo, ini na wingi wa virusi. Na kila bechi ipite maabara kwanza. Nani anapinga?

Mchangiaji: Napinga mimi. Mkuu, umesahau Loliondo, Tanzania, 2011, watu walipokimbilia dawa ya kikombe ya Babu? Kikombe shilingi 500, magari yamepanga foleni porini, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha ARV. Mgonjwa hasomi masharti ya utafiti wako. Akisikia "serikali inaipima", kwake imeshakubaliwa. Acheni watu wameze dozi zao.

Mtoa hoja: Sijasahau, Mkuu, na waliopotea kwa kuacha dozi wananiuma kama wewe. Ila kukataza hakuwazuii watu kunywa, kunawafundisha kuficha. Nesi akiuliza kwa ukali "unatumia miti shamba?", jibu ni hapana, na mlonge uko kabatini. Angalia vitunguu saumu: watafiti waliwapa watu wenye afya vidonge vyake pamoja na saquinavir, ARV ya zamani, na kiwango cha dawa kwenye damu kikashuka kwa karibu nusu. Nani angedhani, kitu cha jikoni? Kilijulikana kwa sababu kilipimwa. Hofu yako ya watu kusikia vibaya ni ya kweli, na utafiti wowote usio na mtu wa kukaa na mgonjwa na kumweleza kwa lugha yake mimi mwenyewe nitaupinga.

Lakini nijibu hili: mama anameza TLD asubuhi na unga wa mizizi jioni, na leo amekuamini akakwambia. Utamfukuza, au utamwambia akuletee hicho kikopo?