Pakacha kutoka Pemba

Neema: Shikamooni nyote. Pakacha limefika salama na meli ya asubuhi. Ndani mna tunda la kijani lenye vipelevipele, zito kama kilo mbili [picha]. Jirani anasema ni fenesi changa. Ndivyo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Hilo ni shelisheli. Fenesi huwa refu na ngozi yake ina vichongo vikali; hili ni la duara na ngozi yake imegawika vijivipande kama nyavu. Ukilipasua hukuti kokwa, katikati mna moyo tu.

Fatma: Wifi, usilisubiri liive kama embe! Shelisheli la kupika hupikwa gumu.

Ami Khamis: Kwanza tazama kama limekomaa. Lililokomaa vipele vyake vimelala, rangi inaanza kuelekea umanjano, na utomvu umetoka ukagandia juu ya ngozi kama matone. Likiwa kijani kibichi na vipele bado vimesimama, limechumwa mapema: litakuwa majimaji, halina ladha.

Neema: Matone yapo mengi, Ami. Nikilibonyeza ni gumu.

Shangazi Mwanaidi: Basi lipike leo au kesho. Likishachumwa, kwa joto hili siku mbili tatu limelainika. Ukitaka kulichelewesha kidogo, lizamishe zima kwenye ndoo ya maji.

Sasa sikiliza. Paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, maana utomvu ule hautoki kwa maji. Kata kikonyo, liinamishe dakika 10 uchuruzike. Lipasue mara nne, toa moyo, menya, kisha kila kipande kikate tena viwili au vitatu. Vitie palepale kwenye maji yenye chumvi, ukiviacha wazi vinaweza kuwa vyeusi.

Kuna nazi ngapi?

Neema: Mbili.

Shangazi Mwanaidi: Zinatosha. Kamua tui la kwanza, zito, kikombe kimoja: liweke kando. Kamua tena upate vikombe vitatu vya tui jepesi, hilo ndilo la kuchemshia. Tia shelisheli, chumvi, kitunguu kimoja na pilipili mbichi mbili nzima, usizipasue. Dakika 20 hivi, jaribu kwa uma. Ukiingia bila kusukuma, tia tui zito, punguza moto, USIFUNIKE, koroga taratibu mpaka litokote kidogo tu. Moto ukiwa mkali tui linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

Fatma: Na ndimu mkamulie sahanini. Ukiitia sufuriani tui nalo linakatika. Hilo mle na samaki changu wa kukaanga, wifi, utausahau mchele!

Neema: Na likinilainikia kabla sijapika?

Shangazi Mwanaidi: La nazi halitakuwa tena, litavurugika liwe uji. Hapo liponde, changanya na unga wa ngano na sukari kidogo, ukaange vidonge vidogo. Vizuri sana kwa futari.

Neema: Asante Shangazi. Kuna na hivi virefu vya kijani, kama vitango vya ukubwa wa kidole [picha]. Nimeonja kimoja, meno yamekufa ganzi.

Fatma: Mbirimbi! Hazitafunwi hivyo, ni za mchuzi wa samaki badala ya ndimu. Samaki kilo moja, mbirimbi sita mpaka nane, zipasue katikati, zitie dakika 10 za mwisho. Usipikie kwenye sufuria ya alminiamu, asidi yake inakula sufuria na mchuzi unakuwa na ladha ya madini. Zilizobaki zichane mara nne, nyunyizia chumvi, zianike siku mbili juani, kisha pilipili ya unga: achari hiyo.

Ami Khamis: Nami naongeza, na hili si mchezo: msikamue juisi yake mkanywa vikombe. Mna asidi nyingi inayoweza kuumiza figo.

Neema: Nimeelewa. La mwisho: chini ya pakacha mna vitu vya kijani umbo la figo, kama vinane [picha]. Korosho, sivyo? Mtoto ameshika kimoja anataka kukitafuna.

Ami Khamis: MNYANG'ANYE SASA HIVI. Hayo madunge, korosho mbichi na maganda yake. Ndani ya ganda mna mafuta yanayounguza ngozi na midomo, yanatoa malengelenge.

Neema: Nimemnyang'anya. Hakuwa amekiuma.

Ami Khamis: Alhamdulillahi. Muoshe mikono kwa sabuni hata hivyo. Korosho hubanguliwa nje, si jikoni. Hukaangwa kwenye bati lililotobolewa juu ya moto wa kuni mpaka mafuta ya ganda yawake, zinamwagiwa mchanga kuzima na kukausha mafuta, zikipoa ndipo zinagongwa kwa jiwe. Moshi wake unawasha macho na kifua, kwa hiyo simama upande upepo unakotoka. Kwa hayo manane usihangaike. Yatie kwenye mfuko, Fatma atayachukua.

Fatma: Napita baada ya alasiri, wifi. Yaweke juu ya kabati, mtoto asifikie.

Neema: Nimeshayaweka. Shelisheli nalipasua sasa hivi, mafuta nimejipaka.

Shangazi Mwanaidi: Haya mwanangu. Ukimaliza, mikono ianze kusuguliwa kwa mafuta, sabuni ifuate. Ukianza na maji, utomvu unaganda.