Mjadala: Duka la hadwea la familia lilindwe, au liachwe lipambane na bei?

Wakuu, suala hili limerudi mezani tangu Serikali ya Tanzania ilipotoa amri ya tarehe 28 Julai 2025 inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ya kwanza ikiwa ni kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na wachache wengine. Wapo wanaosema maduka yetu ya vifaa vya ujenzi sasa yamepona. Wapo wanaosema hayakustahili kuponywa: bei haijabandikwa, mteja anatajiwa bei baada ya kuangaliwa viatu, na risiti hupati mpaka uidai. Msimamo wangu ni kwamba maduka haya yana thamani kubwa kuliko tunavyoyahesabia, na amri ile haijagusa kinachoyaua.

Kuna duka moja Ngamiani, Tanga, ambalo baba na mwanawe wanauza pamoja. Ukutani pana visanduku vya mbao toka sakafuni hadi darini, na usoni pa kila kisanduku kimepigiliwa kile kilichomo: bawaba, komeo, skrubu, ndoano. Hakuna maandishi hata moja. Unampa mzee koki yako inayovuja, anaifungua, anapitisha kidole kwenye hesi, kisha anakwambia koki ni nzima, washa, ile pete ndogo ya ndani inayozuia maji, ndiyo imekufa. Unaondoka na washa ya mia chache. Ukitaka misumari minne, unapewa minne. Ghala kubwa litakuuzia koki mpya, na skrubu kwa pakiti tu.

Mzee huyohuyo hakuuzii saruji kabla hajauliza unajenga nini. Ya daraja la nguvu la 32.5 inatosha plasta na kujengea tofali, ya slabu na nguzo chukua 42.5. Bati geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na kwa hewa ya chumvi ya pwani anataka uijue tofauti hiyo kabla hujalipa. Mwanawe anatembea na kalipa mfukoni, kile kifaa cha kupimia unene, kwa sababu nondo za kupunja zimejaa sokoni. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 10.7. Ikiwa nyepesi mno, umeuziwa jina. Elimu hii haiandikwi popote dukani. Mtoto anaipata kwa kukaa kaunta miaka, na duka likifungwa inakwenda nalo.

Halafu kuna mali kauli. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, paa Mungu akijalia. Fundi anaandikwa daftarini mifuko 10 ya saruji, analipa akilipwa. Mama anayeuza maandazi anapeleka fedha kila wiki, anawekewa bati zake hadi zitimie. Benki ipi itamkopesha mtu mifuko 10 ya saruji kwa kumjua uso na nyumba anayokaa? Hili peke yake linatosha kunifanya niyatetee.

Lawama ya cha juu naikubali. Fundi akikupeleka dukani, bei inapandishwa ili naye apate chake, na anayelipa ni wewe mwenye nyumba. Ni wizi, hata kama umezoeleka. Wenye maduka wanaojitetea kwamba fundi asipopewa atawahamishia wateja kwingine wanasema kweli, lakini mwenye nyumba hajapona kwa ukweli huo.

Kwa wanaosema duka dogo likifa halitaliliwa, nawakumbusha Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Maduka binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika wa vijiji, huku biashara ya jumla ikiwa tayari iko kwa mashirika ya umma, zile kampuni za biashara za mikoa (RTC). Uhaba uliofuata ulikuwa na sababu nyingine nzito pia, Vita vya Kagera na ukosefu wa fedha za kigeni. Lakini kijiji kilichopoteza mtu aliyejua kutafuta misumari na bati kilibaki kungoja mgawo. Nafuu ilianza kuonekana mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Sasa kinachoua. Muagizaji anashusha kontena, anamuuzia mwenye duka kwa katoni, kisha mlangoni kwake anamuuzia mpita njia koki moja kwa bei ileile. Mwenye duka anashindana na aliyemuuzia mzigo. Muagizaji huyo akiwa Mtanzania, amri ya Julai haimhusu hata kidogo. Ongeza VAT: tangu Julai 2023 kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na duka la saruji na nondo linakifikia upesi, maana mzunguko ni mkubwa na faida ni kiduchu. Likishasajiliwa linatoza kodi hiyo, wakati jirani anayekwepa risiti anauza bila hiyo na anapata wateja wote.

Nairobi, Februari 2023, wafanyabiashara waliandamana dhidi ya China Square, duka lililokuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu kabla. Duka hilo lilifungwa kwa muda, kisha likarudi kuuza na likaongeza matawi. Wateja walilifuata kwa sababu ya bei, na sidhani kuna maandamano yatakayowazuia.

Pendekezo langu: mwenye leseni ya jumla auze kwa katoni, basi, awe raia au asiwe. Najua jibu litakalokuja, kwamba koki itapanda bei. Itapanda kidogo. Kwa hiyo mwenye duka naye atoe kitu: bei ibandikwe ukutani, risiti itoke bila kudaiwa, cha juu kikome. Fundi anayeleta wateja apewe punguzo la wazi kwenye risiti, mwenye nyumba alione.

Wenye maduka na mafundi mliomo humu, mnaweza kuishi na masharti hayo? Na ninyi mnaonunua kwa muagizaji moja kwa moja, siku nondo ikija nyepesi mnamrudishia nani?