Batri ya kinga (baiskeli) ya umeme imekufa kabisa, nitengeneze ao ninunue ingine?

mwana_Nguba (Bukavu)

Bandugu jambo. Niko na kinga ya umeme ya zamani, ya zile zinafikaka mu kontena kutoka Ulaya, moteri iko mu gurudumu ya nyuma na batri inaingia chini ya pale tunafungiaka mizigo, juu yake bameandika 36V 10Ah. Mbele ilikuwa inanipandisha Nyawera mpaka Kadutu hata na mizigo, kisha ikaanza kuzimika mu mulima, nikingoja kidogo inawaka tena. Nikaenda safari ya kazi muda murefu, kurudi nakuta haina hata taa. Nikichomeka shajeri taa yake inabakia kijani tu, haigeuke nyekundu hata kidogo.

Fundi mumoja ananiambia nitupe. Mwengine anasema atanifungia batri tatu za moto (pikipiki) za 12V. Na yaya yangu wa Bruxelles anakuja likizo, anasema anaweza kuniwekea mpya mu valizi. Nifuate njia gani? Hii kinga njo inanipeleka kazini, sitaki iishie kwa banunuzi ba vyuma.

fundi_Birere (Goma)

Mudogo, usitupe na usinunue kitu mbele ya kupima. Azima multimetri, kile chombo cha kupimia umeme. Kwanza pima shajeri peke yake, inapaswa kutoa 42V hivi. Ikiwa sawa, fungua sanduku ya batri polepole, ndani utakuta selile (batri ndogo ndogo) za duara zimepangwa makundi 10 yenye kufuatana, na kadi ndogo ya elektroniki yenye kuzilinda, banaita BMS. Kwa hiyo kadi kunaingia nyuzi nyembamba 11, pima kati ya uzi na ule unafuata, andika kila namba. Kama makundi yote yanakaribiana, tuseme 3.3 ao 3.5, na kwa kutokea, pale umeme unatokaka kwa batri, unapata sifuri, basi selile zako ni nzima, shida iko kwa fyuzi ao kwa BMS, na hiyo ni kazi ya pesa kidogo. Hapa Goma mara mingi ni ile mikanda ya nikeli inaunganishaka selile njo inaachia, juu barabara zetu za mawe ya volkano zinatikisa kila kitu. Lakini kama kundi moja limeanguka peke yake, rudi utuambie.

Toa saa na pete mbele ya kugusa ndani. 36V haiko ya kukuua, ila ukigusanisha ncha mbili na chuma, chuma hicho kinaweza kuyeyuka palepale mukononi.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Juu ya valizi, umwambie yaya asijaribu hata. 36V mara 10Ah ni 360Wh, njo kipimo cha umeme wenye batri inabeba. Mu ndege ya abiria batri ya akiba isipite 100Wh, ikizidi hapo mpaka 160Wh ni kwa ruhusa ya kampuni ya ndege, na juu ya 160 ni hapana. Batamunyang'anya pale airport na pesa imepotea. Hiyo itumwe na basafirishaji benye kukubali litiamu, na uwe na subira.

Kintu kimoja chenye kinakusaidia: kinga nyingi za Ulaya, mfano zile za mfumo wa Bosch, batri na moteri zinaongeleshana, ukiweka batri ya kampuni ingine haiwake. Yako ya moteri ya gurudumu, angalia nyuzi zinatoka kwa batri, kama ni mbili tu kubwa, plus na minus, itapokea 36V yoyote nzuri.

mama_wa_sola (Bukavu)

Mwanangu, batri za moto hapana. Batri ya moto, ile ya asidi, bameitengeneza ya kustata, inatoa nguvu mingi kwa sekunde chache kisha injini inairudishia, ukiishusha mpaka chini kila siku inakufa haraka. Na shajeri yako ya 42V ukigawanya kwa tatu ni 14V kila moja, wakati batri ya asidi ya kutumiwa hivyo inataka kupita 14.4 ndio ijae, so itakuwa inabakia nusu njaa na sahani za risasi zinaota chumvi ngumu yenye haitoke tena. Sijaongea uzito, batri tatu za asidi za 12Ah ni karibu kilo 12, yako ya litiamu ni kilo 3 hivi, na sisi huku kila njia ni mulima.

Kama unabadilisha, fikiria LiFePO4, ni aina ingine ya litiamu. Selile 12 za 3.2V zinakupa 38.4V, na ile shajeri yako ya 42V inapatia kila moja 3.5V, inatosha vizuri kabisa. Ni kubwa zaidi, haitaingia mu sanduku ya zamani, utafunga mufuko mu fremu. Lakini haishike moto kirahisi, na unajua vile nyumba za mbao za Kadutu zinaunguaka, moto ikianza kwa moja inakula avenue muzima. Mimi ningechagua hiyo, na BMS iwe ya LiFePO4 ya selile 12, isiwe ile ya zamani ya 10.

mwana_Nguba

Aksanti mama, aksanti bakubwa. Nimepima. Shajeri inatoa 42V. Makundi tisa yako kati ya 3.2 na 3.4, la saba liko 0.9. Kwa kutokea sifuri. Fundi anasema anaweza kushaji hilo la saba peke yake polepole mpaka lifikie mengine, kisha BMS itakubali. Ni kweli?

fundi_Birere (Goma)

Ni kweli itawaka, na njo maana nakuomba ukatae. Selile ya litiamu ikikaa muda murefu chini ya 2V, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, ukiishaji tena ile shaba inajipanga vibaya na inaweza kugusanisha ndani kwa ndani, siku yoyote, hata usiku umelala. BMS ilikataa shajeri juu iliona hilo kundi, ilifanya kazi yake.

Na ule muchezo wa kuzimika mu mulima ulikuwa tayari ni la saba. Makundi yamefuatana, ni kama batu kumi banabeba muti moja, mumoja akipiga magoti bote banasimama. Kubadilisha hilo tu haitasaidia sana, yale tisa yamezeeka nayo, utafungua tena karibuni.

Sanduku yako na moteri ubakie nazo. Ukitaka ya kuingia mule ndani, ni selile 40 mpya, makundi 10 ya nne nne, na BMS mpya. Ukiona selile ya 18650 (njo jina ya saizi ya hizo za duara) imeandikwa 9900mAh ni uongo, nzuri kabisa ni 3500 hivi. Usikubali zile za kutolewa mu laptop, kontrola yako (ile kadi inagawiaka moteri umeme) mu mulima inaweza kuvuta amperi 15, ni karibu 4 kwa kila selile, za laptop nyingi hazikutengenezwa kwa hiyo. Na fundi akileta chuma cha kuyeyusha bati juu ya selile, beba vitu vyako uende, inafaa mashine ya kuchomelea pointi, ule moto wa bati unaua selile mbele haijafanya kazi. Huku kuna bafundi benye iko nayo, na Kigali vilevile juu moto za umeme zimekuwa mingi kule. Ila ushauri wa mama wa LiFePO4 naukubali, kama nyumba ni ya mbao usifikiri mara mbili.

Mpya ikifika, ukienda safari usiiache tupu wala imejaa. Ile ya makundi 10 iache kwa 37 ao 38V, ichomoe kwa kinga, na umuachie mutu wa nyumbani multimetri aiangalie kila mwezi.