Naomba ushauri: dele langu liende kwenye maonyesho ya Ulaya na alama za nyundo, au nizifute kwanza?

Mfuashaba_Unguja:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mfua shaba, nipo Unguja mjini. Kazi nimerithi kwa babu mzaa mama, ila yeye alifua vyombo vya mahitaji: madele, masinia, njumu za milango. Mimi nafua chombo kimoja kimoja, polepole. Dele ninalolizungumzia, yaani birika la kahawa, limetoka kwenye bamba moja la shaba nyekundu la milimita moja, mwili wote hauna kiungo. Bamba nalilaza juu ya kigingi cha chuma, napiga duara baada ya duara kutoka chini kwenda juu. Shaba ikikazana nairudisha motoni mpaka iwe nyekundu ya kiza, naizimisha kwenye maji, naanza upya. Kilicholehemiwa ni mdomo tu. Mkono ni wa mpingo, umeshikwa kwa ribiti za shaba ya njano.

Sasa nimeona tangazo la maonyesho ya ufuaji wa kisasa huko Ulaya. Kuna jopo la waamuzi. Kazi zinachujwa kwa picha, na ukipita ndipo unatuma chombo chenyewe. Ada ni euro 35 na hairudishwi. Wanataka picha tano, maelezo yasiyozidi maneno 150, vipimo na bei.

Kinachonisumbua ni alama za nyundo. Shemeji yangu anauza vitu kwa watalii, ananiambia nipeleke kwenye mashine lisuguliwe ling'ae kama kioo, ndiyo wageni wanachotaka. Roho yangu inakataa. Alama zile ni pana tumboni na zinazidi kuwa ndogo kuelekea shingoni, kwa hiyo mtu anayejua anaona chombo kilivyopanda. Tatizo ni kwamba kwenye picha za simu yangu zinaonekana kama dele limeanguka likabonyea.

Nizifute? Na hiyo ada, niitoe?

Sonara_Kkoo:
Mkuu, usilipeleke kwenye mashine. Mashine inakula ukali wa kingo zote, na waamuzi wa maonyesho kama hayo wengi wao ni mafundi. Akiona mwili unang'aa wote sawasawa, hawezi kujua kama limefuliwa au limetoka kwenye kalibu ya kiwanda.

Ila tutofautishe. Kuna alama za kupandishia na kuna alama za kumalizia. Zile za kupandishia ni za nyundo nyembamba, zina kina, hazina mpangilio. Hizo hazina haki ya kubaki. Zinasawazishwa kwa nyundo pana yenye uso uliong'arishwa, dele likiwa limekaa vizuri juu ya kigingi, mapigo mepesi yanayopandana kidogo. Hapo ndipo unapata vile viduara vinavyofuatana kama magamba ya samaki. Na uso wa hiyo nyundo uukague kabla hujaanza, maana mkwaruzo wowote ulio juu yake utajichapa kwenye shaba kila unapopiga.

Jaribu hivi: paka mafuta kidogo, simama karibu na dirisha, lizungushe taratibu huku ukiangalia mstari wa mwanga. Ukiteleza kwa kupindapinda polepole, umemaliza. Ukikatika ghafla mahali, pale bado.

Swali moja: ndani umetia bati?

Mfuashaba_Unguja:
Ahsante sana fundi. Za kumalizia ndizo zilizopo, ingawa karibu na kitako bado kuna sehemu mstari unakatika, nimejaribu sasa hivi kwa mafuta. Ndani ni shaba tupu, sijatia bati.

Sonara_Kkoo:
Basi amua kabla hujajaza fomu, kwa sababu watauliza. Ukiandika kwamba ni dele la kupikia kahawa, mwamuzi fundi ataingiza kidole ndani. Shaba tupu haifai kukaa na kinywaji chenye asidi, na kahawa ina asidi. Babu zetu hawakutia bati kwa urembo.

Bati linayeyuka kwa nyuzi 232 tu, lehemu ya fedha inataka zaidi ya 600. Kwa hiyo maliza kulehemu kila kitu kwanza, bati liwe la mwisho, na baada ya hapo usirudishe dele motoni. Tumia bati safi. Lile la mafundi redio mara nyingi lina risasi (ile metali yenye sumu) ndani yake, usilikaribishe kwenye chombo cha kunywea. Na mkono wa mpingo uufungue kabla, la sivyo utauunguza.

Bi_Ukindu:
Mwanangu hongera. Nakubaliana na fundi kuhusu bati, lakini nataka ujue kuna njia ya pili iliyo halali kabisa. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, anafinyanga vyungu ambavyo hakuna anayevipikia, na makumbusho makubwa ya dunia yanavyo. Chombo kinaweza kusimama kama umbo tu. Ila kwako wewe naona hasara. Dele lisilomimina kahawa limepoteza nusu ya maneno yake. Lako lina mdomo uliopinda na shingo nyembamba kwa sababu ya kumimina. Tia bati, litumike.

Sasa hayo maneno 150. Naomba uyaweke hapa tuyaone, maana huko ndiko vijana wetu wanakoangukia.

Mfuashaba_Unguja:
Nimeandika hivi mwanzoni: “Kazi yangu ni daraja kati ya mila za mababu wa Pwani na ulimwengu wa kisasa. Kila kipande kinasimulia hadithi ya utamaduni wetu tajiri na kuonyesha roho ya Zanzibar.”

Bi_Ukindu:
Futa yote. Hayo angeweza kuyaandika mwenye duka la kanga, mchonga milango, hata mwenye hoteli. Wewe umeshaandika maelezo mazuri kwenye chapisho lako la kwanza bila kujua. Bamba moja, duara baada ya duara, moto, maji, mdomo peke yake ndio uliolehemiwa. Ongeza sentensi mbili za mtu anayeuza kahawa barazani: anashika dele mkono mmoja, vikombe anavigonganisha mkono wa pili, anamimina kutoka juu bila kumwaga. Kisha sema wewe umebadilisha nini na kwa nini. Kama tumbo lako ni pana kuliko la babu, sema. Kama umeacha nakshi ili nyundo yenyewe iwe nakshi, sema hivyo hivyo. Waamuzi hawataki kuambiwa kwamba utamaduni ni tajiri, wanataka kujua ulichoamua.

Mpigapicha_Arusha:
Nikuhurumie kuhusu picha, shaba ni kitu kigumu kupiga. Haionyeshi rangi yake, inaonyesha chumba ulichomo: shati lako, dirisha, simu yenyewe.

Kinachofanya alama zako zionekane kama mibonyeo ni mwanga mkali wa upande mmoja. Fanya hivi. Weka meza karibu na dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja. Zungushia dele shuka jeupe lisilo na mikunjo, juu na pembeni, ubaki na tundu la simu tu. Hapo shaba itaakisi weupe mtupu, na utaona tatizo jipya: itakuwa bapa kama plastiki. Ndipo unachukua vipande viwili vya kadi nyeusi, unavisimamisha kulia na kushoto ndani ya shuka, nje ya picha. Weusi wake unaingia kwenye kingo za dele kama mstari mwembamba na umbo linasimama. Visogeze kidogo kidogo. Utafika mahali kila duara la nyundo litakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli laini, na hapo hakuna atakayedhani limebonyea.

Simu iwe kwenye kishikio, tumia kihesabu muda ili usiitikise. Usisogee karibu, rudi nyuma ukuze mara mbili, vinginevyo tumbo litavimba na kitako kitasinyaa. Nyuma weka kijivu, siyo kitenge wala mchanga wa ufukweni. Futa dele kwa kitambaa laini kisha lishike kwa glavu za pamba, alama ya kidole kwenye shaba inakuwa nyeusi siku chache baadaye na picha inaikuza.

Kati ya picha tano, ya kwanza iwe dele zima kutoka ubavuni, mdomo unaonekana vizuri. Waamuzi wanapitia mamia, hiyo ya kwanza ndiyo inayowasimamisha. Moja iwe ya karibu sana, pale ribiti zinapoingia kwenye mpingo. Moja ya ndani kuonyesha bati. Moja likiwa mkononi likimimina. Cyrus Kabiru wa Nairobi, yule wa miwani ya vyuma chakavu, kazi zake zimesafiri dunia zikiwa zimepigwa picha usoni mwake mwenyewe. Mtu akiona kitu kinavyokaa mwilini, kipimo anakielewa bila kusoma sentimita.

Haki_ya_Fundi:
Mimi niseme kuhusu ada. Kuna maonyesho ya kweli na kuna biashara ya kukusanya ada. Kabla hujatoa euro 35, angalia majina ya waamuzi yametajwa? Kazi za mwaka uliopita zinaonekana? Nani analipa kurudisha chombo, na bima inaanzia wapi? Rafiki yangu alichaguliwa na waandaaji fulani, kisha akaambiwa alipie nafasi ya meza. Hilo siyo jopo, ni soko.

Na usidhani lazima ulipe. Tuzo ya ufundi ya Loewe Foundation, iliyotolewa mara ya kwanza 2017, haina ada ya kuingia. Mshindi anapata euro 50,000, na kazi iwe ya pekee, iliyotengenezwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Ushindani ni mkali mno, lakini seti ile ile ya picha na maelezo unaweza kuitumia. Kule München, Ujerumani, kuna maonyesho ya Schmuck tangu 1959, ila hayo ni ya vito na mapambo ya mwili, dele halitahusika. Nyumbani pia usipadharau, nenda Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Dar, watu wa kukosoa kazi yako ana kwa ana wapo.

Mswahili_Maskati:
Salaam ndugu yangu. Huku Omani dalla, yaani dele, ni kitu cha heshima, iko kila sebule, na bado naona vijana wa huku wanaifua upya kwa maumbo yao. Hauko peke yako.

Mimi nafanya kazi ya forodha na mizigo, nikuongezee mambo matatu. La kwanza, mpingo. Ni mti wa jamii ya Dalbergia, na karibu jamii hiyo yote imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017. Tangu 2019 bidhaa iliyokamilika haihitaji kibali cha CITES kama mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa shehena, kwa hiyo mkono wako uko salama. Lakini uandike kwenye karatasi kwa jina lake, na utunze risiti ya uliponunua. Ukificha, watazuia mzigo wote. Pembe ya ndovu au gamba la kasa hata usifikirie.

La pili, watakaokushauri uandike ni sanamu chini ya namba ya forodha 9703 ili kukwepa ushuru, usiwasikilize. Dele la shaba ni chombo cha nyumbani, ni 7418. Andika ukweli, na ongeza kwamba linakwenda kwenye maonyesho na litarudi, kisha muulize mwandaaji kama atashughulikia uingizaji wa muda.

La tatu, bei. Mwenye ukumbi akiuza mara nyingi anachukua asilimia 40 hadi 50. Piga hesabu ya shaba, mkaa, bati na muda wako, halafu hakikisha nusu ya bei utakayoandika inakulipa. Na bei hiyo hiyo ndiyo uitaje ukiwa Unguja.

Mfuashaba_Unguja:
Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Naondoa mkono, nasawazisha pale kitakoni, natia bati, alama nyingine zote zinabaki. Nimeangalia: waamuzi wametajwa, kazi za miaka miwili zipo, na kurudisha chombo wanalipa wao. Natoa ada. Maelezo nayaandika upya usiku huu nitayaweka hapa Bi Ukindu uyapitie.

Swali la mwisho kwa fundi wa Kariakoo: nikishatia bati, shaba ya nje nitakuwa nimeibabua kwa moto. Naisafishaje bila kuharibu alama?

Sonara_Kkoo:
Ndimu na chumvi, kitambaa cha pamba, usiguse msasa. Suuza kwa maji mengi, kausha hapo hapo, usiache tone. Kisha paka nta ya nyuki kidogo sana dele likiwa na uvuguvugu wa jua tu, ufute mpaka mkono usinate. Ukimaliza usilifunge kwenye gazeti, wino unashika.